Siku Tano Bila Dawa

Jumatatu, 5 Juni
Saa kumi na mbili. Ukungu. Nimekoroga dawa ya Rehema kwenye maji ya machungwa. Haiyeyuki, inakwaruza koo kama mchanga. Dakika ishirini kumaliza kikombe. Leo alilia kidogo tu. Nimechelewa kufundisha kipindi cha kwanza, mwalimu mkuu kaninunia. Miezi mitano sasa tangu aianze. Mtoto ana miaka tisa na mimi ni askari wake.

Jumatano, 7 Juni
Kondakta wa basi kaleta barua ya daktari wa Tanga. Majibu ya damu. Lehemu, yale mafuta ya damu aliyorithi kwa baba yake, yameshuka sana. Nilifurahi mpaka mstari wa pili. Vitamini E imeshuka pia, na ile ya rangi ya karoti. Daktari anaeleza kwamba vitamini hizo husafiri pamoja na mafuta, na dawa hunasa vyote, haichagui. Ndizo zinazoukinga mwili usichakae.
Karoti! Pale Soni zimerundikwa barabarani kama kuni. Rehema anazila kila siku.

Ijumaa, 9 Juni
Mama mkwe amefika kutoka Vuga. Nimemsomea barua. Alizika wanawe wawili, wote hawajafika arobaini, wote moyo. Wa pili, baba Rehema, alianguka kiwandani Shume, kando ya gogo alilokuwa anapasua. Mama anasema hili ni jambo la ukoo, wazee walitaka sadaka. Anasema ninamkausha mtoto. Huwezi kubishana na mkweo. Naogopa anasema kweli.

Jumapili, 11 Juni
Sikwenda kanisani. Rehema kalala mchana kutwa. Siku ya tatu hajapata choo. Yale mafundo ya manjano ya mafuta kwenye viwiko yamenywea kidogo. Kwa hiyo dawa inafanya kazi. Nikiacha, moyo. Nikiendelea, sijui nini, na hakuna anayejua. Nimezunguka jikoni kama kuku aliyefungwa mguu.

Jumatatu, 12 Juni
Sikukoroga.

Alhamisi, 15 Juni
Siku ya nne. Jana nililala usingizi wa kweli. Rehema amekula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, akaongeza. Ameruka kamba uani na watoto wa jirani mpaka jua likachwa. Hajauliza kitu. Kopo la dawa nimelificha nyuma ya debe la mahindi. Mama mkwe ananisifu, anadhani nimemsikiliza. Nina raha na ninajichukia.

Jumamosi, 17 Juni
Asubuhi tulikuwa tunachambua maharage, mimi na mama. Rehema anakimbia huku na huku, mashavu yamejaa. Nilidhani mama atafurahi. Aliacha kuchambua, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, polepole:
"Baba yake naye alikuwa mzima hivi hivi. Juma lile la mwisho alikula sana. Alicheka sana."
Nikamwambia yote, kwamba sikuwa nimempa dawa tangu Jumatatu. Nilitegemea aniunge mkono, maana yeye ndiye aliyeikataa. Akaniuliza kopo liko wapi. Nikalitoa. Akalipangusa vumbi kwa kanga yake.
"Mimi sijui dawa, mwanangu. Ninajua kuzika tu. Mpe."
Nikakoroga. Rehema akalia kama siku ya kwanza. Mama alimshika mikono. Sote tulilia.

Jumanne, 20 Juni
Tanga. Joto la kupika mtu. Nilikiri kwa daktari kabla sijaketi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akasema dawa anywe asubuhi, vidonge vya vitamini alivyotuandikia ameze mchana, saa nne nzima au zaidi baada ya dawa, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, ili dawa isivikamate tumboni. Maji mengi kwa ajili ya choo. Damu itapimwa tena.
Nikamuuliza kama hiyo itatosha.
"Kwa watoto hatujui vya kutosha, mwalimu. Tunajua moyo. Haya mengine tunayafuatilia."
Nilitaka jibu. Nimepewa ratiba. Wakati wa kurudi, kwenye kona za Mombo, Rehema alinitapikia gauni, akaomba radhi kama mtu mzima. Nilitamani kushuka basini nikapige mayowe porini.

Jumatatu, 10 Julai
Shule zimefunguliwa. Baridi kali. Vitamini ya mchana atapewa na bibi yake, ambaye hajarudi Vuga wala hajasema lini atarudi. Majibu ya damu aliyotolewa juma lililopita bado.
Asubuhi Rehema alikoroga dawa yake mwenyewe. Akanywa nusu, akapumzika, akauliza ataacha lini. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nikamwambia sijui, labda hataacha. Akafikiri. Akamaliza kikombe, akakisuuza, akachukua ufagio wa zamu yake, tukateremka pamoja kwenda shule.