Moshi Usiojirudia

Valparaíso, 20 Januari

Mpendwa dada Yasna,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Danilo na wanao. Je, mgongo umepoa? Na upepo wa huko Punta Arenas, bado unawaangusha watu barabarani? Mimi ni mzima wa mwili. Chumba ninachokaa sasa kina bati jipya, na yule paka wa baba aliyeponea korongoni amenenepa hadi aibu.

Nimepata ujumbe wako kuhusu misa ya mwaka wa baba. Padri amekubali tarehe kumi na sita Februari, saa tano asubuhi. Nimesoma pia pale uliposema Bi Uberlinda asithubutu kukanyaga kanisani, kwa kuwa jirani wa ukuta kwa ukuta alikimbia moto akamwacha mzee mezani. Ndiyo maana ninaandika kwa mkono badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungenibembeleza, na sistahili.

Kazi yangu unaijua, ingawa umezoea kusema nalipwa kwa kuchezea ukungu. Hukosei sana. Sisi tunaotengeneza moshi wa filamu hatuuchori kwa mkono. Tunaanza na kitu tunachokiita kelele, ingawa hakina sauti: madoadoa ya kijivu yanayozaliwa na hesabu. Unaipa kompyuta namba moja, tunayoiita mbegu, nayo inaotesha madoa. Unayatandaza tabaka juu ya tabaka, makubwa chini, madogo juu, unayasogeza polepole, na mtazamaji anaapa ameona moshi. Mbegu ile ile huzaa moshi ule ule, siku zote. Nilipomweleza baba alicheka mpaka akakohoa. "Kelele isiyosikika! Ungeianza utotoni, marehemu mama yako angepumzika."

Mwanzoni mwa Februari mwaka jana nilikipiga picha kilima chetu kutoka ngazi za shule, nikakiwekea moshi wa majaribio nyuma ya mikaratusi. Mbegu yake ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya baba. Nikamtumia kwa majivuno. Naye, unavyomjua, akawarushia wenzake wote wa karata bila kusema ni nini. Haikupita saa, watu wakawa wanashusha magodoro ngazini, na wazima moto wa kujitolea wakapanda bure na mipira yao ya maji. Kapteni wao alimkaripia baba mbele za watu. Baada ya hapo mtaa mzima ukawa unamtania: "Don Orlando, leo hakuna moto? Tutachomea nini nyama?" Naye akiwajibu, kifua mbele, kwamba hawajapata kuona moshi mzuri kama wa binti yake.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ile ya moto, saa kumi jioni, nikiwa ofisini, baba alinitumia video iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za mtaa. Ilipigwa kutoka ngazi zile zile za shule, na moshi ulitokea pale pale nyuma ya mikaratusi. Sauti yake ilikuwa na kicheko: "Mireya, wameanza tena. Huu nao si wako?" Niliitazama sekunde nne. Nilikuwa na kazi, Yasna, na nilikasirika kwamba wanarudia mzaha. Nikamjibu: "Ni wangu, baba. Kunywa chai yako."

Moshi wangu hujirudia kila baada ya sekunde nane. Kuna kinundu kidogo kinachojikunja kushoto, kikaisha, kisha kikarudi. Ningevumilia sekunde chache tu ningeona kwamba kinundu hakirudi. Mji mzima, mimi peke yangu ndiye niliyeweza kutofautisha, na sikutazama.

Bi Uberlinda hakumkimbia. Alimgongea mara mbili. Mara ya pili alimshika mkono akamvuta hadi mlangoni, akamwambia ananusa moto. Baba, ambaye pua yake ilikuwa hainusi kitu tangu augue ile homa, akamwonyesha simu: "Tulia, jirani. Mwenyewe amesema ni wake." Akarudi kwenye mkate na parachichi lake. Upepo ulipouvusha moto korongoni, hapakuwa na nafasi ya kugonga mara ya tatu.

Haya aliniambia Bi Uberlinda mwenyewe siku ya tatu baada ya moto, tukiwa kwenye foleni ya maji. Akasema atakwenda nayo kaburini. Eti mimi bado kijana, yeye ameshazeeka, wacha wamseme yeye. Nami nikawaacha wamseme. Ulipomwita mwoga mbele ya jeneza nilikuwa nimesimama kando yako, nikanyamaza. Mwaka mzima nimemtwisha mama wa watu mzigo wangu, na hadi leo hupita njia ya nyuma ili asikutane na ndugu zetu.

Faili la ule moshi nimelifuta. Mbegu yake siwezi kuifuta. Ni siku aliyozaliwa baba.

Nakuomba jambo moja, dada. Siku ya misa Bi Uberlinda akae benchi la mbele, mahali pangu. Mimi nitasimama mlangoni mpaka uniambie niingie au niondoke.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, kama bado utapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Mireya