Maganda ya Nyota na Maganda ya Taji

Jumapili, 4 Agosti 1968

Nimesugua maganda ya risasi ishirini na mawili baada ya misa. Majivu, ukwaju, kitambaa, maji, jua. Kazi yangu ya kila Jumapili tangu darasa la tatu, na sasa tangu nimalize sekondari, ninaposubiri barua ya kwenda ualimu. Risasi mpya za raifeli hazipatikani. Baba anaokota maganda yake baada ya kupiga na kuyajaza upya kwa kimashine cha mkono alichoachiwa na mzungu wa mgodi wa Geita alipofunga virago. Hajazi ganda lisilong'aa. Shaba chafu, anasema, ni aibu ya mwindaji.

Ya zamani yana nyota kitakoni. Juzi mfanyabiashara mmoja wa Shinyanga kamletea mengine, yana taji. Mazito, yamefifia. Baba kayatazama akacheka: "Meno ya mla ugoro haya."

Ganda moja la Nyota sikulisugua vizuri. Juu kidogo ya kitako lina mstari mwembamba unaong'aa, umezunguka kama pete. Kwenye yale niliyosugua sikuuona. Bila shaka. Yote yanang'aa.

Jumatatu, 5 Agosti

Ndani ya sanduku la kimashine kuna kijitabu cha Kiingereza. Baba hasomi Kiingereza. Miaka yote kurasa zake zimekuwa zikichanwa kuzibia chupa ya mafuta, za mwanzo hazipo. Nimesoma zilizobaki.

Pete ile ni onyo. Ganda likipigwa na kujazwa mara nyingi, shaba inanyooka na kuliwa kwa ndani, mwisho linakatika palepale. Moto unarudi nyuma. Kwenye uso wa mpigaji.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikifuta onyo hilo kila Jumapili, na kusifiwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nyati amempiga Mama Limi, jirani yetu, alipokuwa akichota maji mtoni. Paja limepasuka. Inasemekana nyati huyo ana jeraha la gobore la mtu, ndiyo maana anamvamia kila amwonaye. Wanawake sasa tunakwenda kisima cha mbali. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, yuko Kahama, gari lake bovu. Amemtumia Baba ujumbe: amwue nyati yeye mwenyewe, ruhusa anayo.

Baba atakwenda Jumamosi. Ametenga maganda matano ya kujaza. Yote Nyota.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemwambia. Nimemwonyesha pete na kijitabu. Mzee Shigela alikuwepo, mwindaji mwenzake, mtu ambaye hajawahi kuondoka kwetu kabla ya ugali.

"Ganda hili limeua simba kabla hujajua kusema shikamoo," alisema Baba.

Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuliogopa.

Shigela akapiga paja akicheka. "Ng'wanawane, mwanangu, tulikupeleka shule ukajue mambo, umerudi unaogopa vyombo vinavyong'aa! Akiolewa huyu atakula kwenye kibuyu."

Kisha akaacha kucheka. Tangu leo hadi Jumamosi, alisema, mwanamke asiguse chombo chochote cha mawindo. Ndiyo desturi yao. Nilimuuliza ni nani aliyeyasugua maganda hayo miaka yote. Mama alinivuta mkono kunitoa nje.

Nina hasira.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimelikata. Ganda la simba lenyewe, lililokuwa tupu bado, mojawapo ya yale matano. Nimelibana kwenye jiwe la kusagia, nikalipasua kwa msumeno wa chuma toka mdomoni hadi kitakoni.

Nje lang'aa kama kikombe cha altareni. Ndani, palepale kwenye pete, kuna mfereji. Kilichobaki ni chembamba kama ganda la kitunguu.

Nimeviweka vipande viwili juu ya kigoda cha Baba. Ameviona alipotoka zizini. Amechukua kimashine, baruti, maganda ya Nyota na ya Taji, ameingiza vyote chumbani na kufunga kwa kufuli.

Shigela anataka nitoe kuku mweupe nitakaswe. Mama anasema, "Kabula, mwombe baba yako radhi. Ni neno moja tu."

Siombi. Nimeharibu ganda. Sijakosa.

Ijumaa, 9 Agosti

Baba amejaza risasi leo, mlango umefungwa. Sijui amejaza zipi.

Nilisimama nje ya mlango nikasema kwa sauti, Shigela ukumbini akisikia: "Baba, kama ni Taji, usitumie kipimo cha baruti cha Nyota. Shaba yake ni nene, ndani nafasi ni ndogo. Soma kipimo nilichokiwekea alama kwenye kijitabu, nimekiandika kwa Kiswahili."

Kimashine kikaendelea. Kwaa. Kwaa.

Jumamosi, 10 Agosti

Wameondoka alfajiri. Mwindaji akiwa porini, nyumbani kwake hakufagiliwi. Nilifagia. Uwanja wote, mpaka kwenye ua wa minyaa. Mama alinitazama kana kwamba nafagia kaburi.

Saa tatu mlio mmoja. Muda mrefu. Mlio wa pili.

Baada ya hapo hakuna kitu. Nikaketi na ufagio mapajani. Niliwaza: akifa, watasema ni ufagio. Hakuna atakayesema ni shaba. Nitasema mimi, peke yangu, maisha yangu yote, na sitaaminiwa. Niliogopa. Naandika kwa sababu ni kweli.

Saa kumi wamerudi na mkia wa nyati. Baba ana macho yote mawili. Niliyahesabu kama mjinga. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba," akapita. Shigela alikula ugali kwetu, hakunitania hata mara moja.

Jumapili, 11 Agosti

Wanawake wamechota maji mtoni asubuhi. Mama Limi anaendelea vizuri.

Nimerudi kutoka misani nikamkuta Baba kwenye kigoda, uwanja ukiwa safi. Mkononi ana waya, ncha imekunjwa, kama kijitabu kinavyochora. Anaupitisha ndani ya ganda la Taji polepole, macho kafumba, akitafuta mfereji kwa vidole. Miguuni pake rundo la Nyota, yote yamepondwa kwa nyundo.

Amenipa maganda mawili. Yana taji kitakoni, yana masizi ya jana.

"Haya usiyasugue," alisema.

Nimeyaosha kwa maji matupu na kuyaanika.

Ukwaju uliobaki Mama ameutia kwenye uji.