Mpini wa Pembe

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nimewasha moto. Wote wameamka wazima. Mavyaa mzima na kikohozi chake, ameomba chai ya tangawizi. Baba Komora mzima, mgongo tu. Binti yetu Rehema mzima, kaenda kuteka maji. Komora yuko Garsen kwenye kibanda chake cha kinyozi, alituma salamu jana, mzima. Mimi mzima, ila roho imechafuka.

Sababu ni sufuria. Sufuria yangu ya wali. Nimeikuta nyuma ya nyumba imejaa maji ya kijivu na ndani inachemka pembe ya ng'ombe. Harufu ya nywele zilizoungua. Baba Komora kakaa hapo anachochea kuni na kupiga mluzi.

Pembe ya yule ng'ombe wa nyuma ya migomba. Yule aliyeletwa na mafuriko. Kibudu. Siku zote tunapita pale tumeziba pua, leo kimeletwa kwenye chombo changu.

Nimetapika. Sufuria hiyo sipikii tena.

Jumatano, 4 Machi

Ni kwa ajili ya brashi ya Komora, ile ya kuwapaka wateja povu. Mpini wake wa mbao ulivimba wakati wa maji, ukapasuka. Manyoya bado mazima. Aliinunua Malindi alipoanza kazi, na Garsen hakuna kama hiyo. Kwa hiyo babake anamchongea mpini.

Kwanza alijaribu mwembe. Ulipokauka ukapasuka. Akajaribu kipande cha bomba la plastiki. Kikateleza kwa sabuni, brashi ikaanguka mchangani mteja anatazama. Akajaribu mbegu za mkoma, zile nyeupe ngumu kama jiwe. Ndogo, hazijai mkononi. Sasa pembe. Eti pembe haiogopi maji na ukiichemsha inakutii.

Nikamwambia wateja wa mwanao ni Waorma, ni Waislamu, kibudu kwao ni najisi.

"Mama Komora, wananyolewa nayo, hawaili."

Akacheka peke yake. Ananitia kinyaa mwanamume huyu leo. Mikono ileile ndiyo imemega ugali wangu.

Ijumaa, 6 Machi

Mpini umekwisha. Niseme kweli, ni mzuri. Mweusi, na katikati una mstari mwekundu unaozunguka kama uzi. Kausugua kwa majani ya msasa na jivu mpaka unang'aa. Mavyaa kaushika akasema umekaa kama yai.

Mimi sikuushika. Nikiutazama naona mabuu. Naona lile tumbo lililofura.

Rehema ameupeleka Garsen. Nilitaka nimnyang'anye niutupe mtoni, nikaogopa maneno ya babake. Shamba limeliwa na maji, mpunga wote. Kilichobaki ni kile kibanda cha Komora. Wateja wakijua, hatarudi hata mmoja.

Jumanne, 10 Machi

Nimetoka Garsen. Nilimpelekea Komora kambale mkavu. Afadhali ningekaa.

Kwenye kiti alikuwa Mzee Barisa. Garsen nzima inamjua. Alikuwa na ng'ombe wengi, maji na ile homa ya mifugo vikamwachia fimbo tu. Komora anampaka povu. Anazungusha brashi shavuni, kwenye kidevu, chini ya pua. Bakuli lina vinywele vya watu wengine vinaelea. Ikamgusa mdomo. Mate yakanijaa kinywani, nikatazama chini.

Upande mmoja ulikuwa umekwisha kunyolewa. Komora akachovya tena brashi, mzee akamshika mkono. "Hebu."

Akafuta povu kwa kidole gumba. Akautazama ule mstari mwekundu. Muda mrefu.

"Pembe hii nani kakupa?"

"Baba alinichongea, mzee."

"Babako alimchinja?"

Komora akanitazama mimi. Wote kwenye benchi wakageuka kutazama. Uongo ulikuwa karibu kabisa. Nikasema, "Hakuchinja, mzee. Aliletwa na maji, amekufa."

Akaondoka kwenye kiti na povu nusu ya uso. Akaenda kwenye dumu, akanawa, akanawa tena, maji yakaisha. Hakupiga kelele. "Mmenipaka kibudu. Na ni ng'ombe wangu mwenyewe."

Benchi likainuka lote. Tukabaki mimi na mwanangu na kioo.

Alhamisi, 12 Machi

Hakuna mteja. Vijana wanapita wanamwita kinyozi wa mizoga. Mmoja kamchekea kama fisi. Komora karudi nyumbani na brashi kwenye mfuko, hataki kula.

Nachukia pembe. Namchukia babake kwa mluzi wake. Najichukia zaidi, maana nilijua nikanyamaza.

Nikachukua nusu ya mchi wangu wa zamani, uliokatika nikawa naegemezea mlango. Nikamwekea Baba Komora mapajani. Nikasema huu umegusa mpunga tu na mikono yangu. Umetwanga miaka yote, ulikatika lakini haukupasuka, hautapasuka kwa povu.

Kachonga bila mluzi. Alitaka kuupaka rangi, nikakataa. Mafuta ya nazi tu. Manyoya nimeyaosha mwenyewe kwa maji ya moto, mara nyingi, mpaka vidole vikaumia. Ile pembe nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni nikaining'iniza uani. Sikuweza kuigusa bila nailoni.

Jumamosi, 14 Machi

Mzee Barisa amekuja kwetu kwa miguu. Ndevu bado nusu. Nikajua amekuja kushtaki.

Hakukaa. "Mama Komora, nipe ile pembe."

Nikampa ndani ya nailoni. Akaitoa, akaishika kwa mkono mtupu. "Diimtu," akasema. Ni jina la ng'ombe wake, maana yake mwekundu. Akasema mama wa ng'ombe huyo naye alikuwa na mstari huo kwenye pembe.

"Alilala wapi?"

Tukampeleka nyuma ya migomba. Imebaki mifupa na tope, na harufu. Nilijiziba pua kwa leso. Kisha nikaona yeye hakujiziba. Nikaishusha.

Akachokoa tope kwa fimbo, kila mahali, polepole.

"Hapakuwa na ndama?"

"Hatukuona ndama, mzee."

"Alikuwa anafuatwa na ndama."

Akaifunga pembe kwenye ncha ya kikoi. Baba Komora akaomba msamaha. Mzee akaitika kwa kichwa tu. Mlangoni akaiona brashi. Akauliza mti gani. Nikamwambia mchi. Akaunusa.

"Mwambie kijana afungue Jumatatu. Ana deni la upande wangu huu."

Jumapili, 15 Machi

Nimeisugua ile sufuria kwa mchanga na jivu. Sijaipikia. Lakini sikuitupa.

Kanisani nimewaambia wote, na hapa naandika nisisahau. Mzee alisema ni ndama jike, mwekundu, sikio la kushoto limechanjwa mara mbili. Akionekana popote kando ya mto, Kulesa au Golbanti au chini zaidi, habari ipelekwe Garsen kwa Mzee Barisa. Upesi, yeye anangoja.