Kifungu cha Nane

Jumatatu, 2 Machi

Ubatizo ni Jumapili tarehe 29, saa tatu asubuhi. Amesema Fundi, mzee wa kanisa, leo dukani kwake, pini tatu mdomoni na koti la mteja begani. Majina ni matano. Langu la tano.

Nimesubiri miaka kumi na mmoja kwenye benchi la nyuma. Mara ya kwanza nilikwenda kuandika habari ya paa lao lililoezuliwa na upepo. Habari ilitoka ukurasa wa saba. Mimi sikutoka.

Sharti ni moja. Kila anayebatizwa ananakili Tamko la Imani kwa mkono wake, vifungu tisa, kwa wino, bila kufuta. Siku yenyewe analisoma mbele ya kanisa zima, ndipo anaingia majini. Fundi anasema mkono ukishaandika, moyo hauwezi kudai haukuwepo. Nusura nitoe kalamu nimnukuu.

Nakala niirudishe Ijumaa, kwa Katibu wa kanisa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimenakili mahakamani, hakimu alipokwenda kula. Dakika arobaini.

Vifungu vitano vya kwanza sina neno navyo. Mungu, Mwana, Roho, toba, ufufuo. Naviamini kuliko taarifa nyingi ninazopeleka gazetini.

Cha sita kinaanza na "Nitatii": mwanamke asiombe kwa sauti ibadani. Sikubaliani nacho. Nilishamwambia Fundi mara mbili. Akacheka, akasema hata mke wake hakubaliani nacho na bado wanalala nyumba moja. Sawa. Kutii naweza. Nimekaa kimya mahakamani miaka ishirini na sita.

Cha nane ndicho kinachonikaba. "Naamini kwamba aliyelikana kanisa amekufa kwetu, na si halali kula naye meza moja."

Mdogo wangu aliondoka kanisani humo kabla mimi sijaingia, miaka kumi na tisa sasa. Hakuiba wala hakuzini. Alisimama katikati ya ibada akasema hajui tena kama anaamini, na hataki kuendelea kuimba kama anayejua. Akachukua kofia yake. Fundi, rafiki yake wa damu, ndiye aliyesoma jina lake kuwa ametengwa, Jumapili iliyofuata.

Wazazi hawapo. Mume sina, mtoto sina. Ninaye huyo. Kila Jumamosi saa saba mchana tunakula pamoja kwenye karakana yake, juu ya meza ya kupigia randa.

Jumamosi, 7 Machi

Jana nimerudisha Tamko. Leo karakana.

"Umeshaniua?" aliniuliza kabla sijakaa.

Nikamwambia bado, nimemletea chakula.

"Basi nile haraka."

Ana miaka hamsini na mbili, nywele zimejaa vumbi la mbao, na bado ana mdomo ule ule wa utotoni. Nilimweleza kifungu cha nane, kwa kuwa hakipo kwenye Tamko alilonakili yeye. Kiliongezwa baada yake. Kwa ajili yake, kama sikosei, ingawa hakuna aliyewahi kunithibitishia.

"Sema ndiyo, dada. Utakuwa unakuja kula kwa mlango wa nyuma."

"Karakana yako haina mlango wa nyuma."

"Nitatoboa. Mimi ni seremala."

Alikohoa sana leo. Nikaosha vyombo, nikaondoka saa tisa.

Jumapili, 8 Machi

Kabla ya mkate wa Meza ya Bwana, wasiobatizwa tunatoka nje. Leo tulikuwa mimi, watoto saba, yaya mwenye kichanga, na dereva wa teksi anayemsubiri mke wake. Mlango unafungwa kwa ndani. Taratibu, bila dharau. Ndani wanaimba, nje watoto wanagombania bomba la maji.

Dereva aliniuliza kama mimi pia nasubiri mtu. Nikasema ndiyo.

Nilipopasuliwa nyongo miaka minne iliyopita, wagonjwa wenzangu walitembelewa na koo zao. Mimi nilitembelewa na kanisa hili, zamu kwa zamu, siku kumi na mbili, hawakukosa hata moja. Na mdogo wangu — saa kumi na mbili asubuhi, aondoke kabla hawajafika. Aliwapisha wao. Wao hawakujua.

Nataka kuwa upande ule wa mlango. Sijawahi kuliandika hivyo, leo nimeliandika.

Jumanne, 10 Machi

Katibu ana duka la dawa. Amenipigia simu nipite. Akawahudumia wateja wawili, ndipo akatoa karatasi yangu chini ya droo.

"Dada, hiki kifungu cha nane ndivyo ulivyotaka kiwe?"

Nikasoma. Mwandiko wangu, wino wangu. "Kanisa linafundisha kwamba aliyelikana kanisa amekufa kwetu."

Linafundisha. Vifungu vingine vyote viko sawasawa. Hicho nimekiripoti.

Chumba cha habari wananiita Mama Nukuu. Nikisikia jambo nisiloweza kulithibitisha, halipiti mpaka nimtaje aliyelisema. Polisi wamesema. Shahidi amedai. Kwa miaka yote hiyo mkono umejifunza kufanya hivyo peke yake, na Alhamisi ulifanya hivyo bila kuniuliza. Sikukusudia. Nasema hivi hapa, ambapo sina wa kumdanganya.

Katibu anasema Fundi ameshaiona. Amesema ni kiburi.

"Wewe unasemaje?" nilimuuliza.

"Mimi nauza dawa," alinijibu. Ila karatasi aliirudisha kwenye droo polepole, bila kuikunja.

Alhamisi, 12 Machi

Kesi mbili, zote zimeahirishwa. Mvua. Nimekula peke yangu kantini, na mhudumu akaondoa kiti cha pili kwa sababu meza ya jirani ilikihitaji. Aliomba vizuri.

Jumatano, 18 Machi

Niliitwa saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma cha kanisa. Viti vya plastiki, spika mbovu, ndoo ya rangi. Fundi alikuwepo, na mzee wa pili, mwalimu mstaafu. Wa tatu ana homa. Katibu aliandika kumbukumbu.

Mwalimu ndiye aliyeanza. "Hapa si gazetini, mama. Hapa huripoti. Hapa unakiri."

Nikasema nimekiri nane kati ya tisa.

"Ingekuwa hesabu ungefaulu," alisema. Fundi hakucheka.

Nikaeleza ilivyotokea. Fundi akasikiliza huku anakunjua na kukunja tepu yake ya kupimia. Akasema basi kama ni mkono tu uliokosea, niandike upya, yaishe. Hakuna aliyenikasirikia.

Kama ningesema asante wakati ule, ningeondoka na tarehe 29 yangu mkononi. Nikauliza kama naweza kubadili neno la kwanza, badala ya "Naamini" niweke "Nitatii", kama cha sita.

Mwalimu akaniangalia juu ya miwani. "Na utatii?"

"Hapana."

Kalamu ya Katibu ikasimama. Kisha ikaendelea. Natumaini ameandika neno hilo hilo.

Uamuzi, kama ulivyotamkwa na Mwalimu: Tamko lililonakiliwa upya lifike dukani kwa Fundi Ijumaa tarehe 27, saa kumi jioni. Lisipofika, au likifika na dosari, nisubiri mwakani. Benchi la nyuma lipo, halijafungwa.

Nilikuwa nimeshafika getini Fundi aliponifuata. Alijifanya anakaza bomba la maji. Hakunitazama.

"Yule — anakula vizuri?"

"Anakula."

"Na kifua?"

Nikasema kinamsumbua, hasa siku za baridi.

"Vumbi lile. Nilimwambia tangu zamani afunge kitambaa puani, akaniona mshamba." Bomba lilikuwa limekazwa siku nyingi. Akafuta mikono kwenye suruali. "Usimwambie nimeuliza." Akarudi ndani.

Usiku nimempigia simu mdogo wangu, nikamweleza kikao. La bombani sikumwambia. Nimeombwa. Akasema ana msumari wa kutafuta, akakata.

Jumamosi, 21 Machi

Karakana imefungwa. Saa saba kamili, na chakula mkononi.

Muuza rangi wa duka la jirani alitoka, uso wa aibu. "Ameniambia ukija nikwambie hayupo. Sasa mimi siwezi kumdanganya mtu wa gazeti. Kwa hiyo nakwambia tu kwamba amesema hayupo."

Nikamwambia ningeweza kumpatia kazi gazetini. Akacheka kidogo, akaingia ndani kutupisha.

Randa ilikuwa inafanya kazi nyuma ya mlango. Nilibisha. Ikanyamaza.

"Fungua."

"Marehemu hafungui mlango, dada."

"Acha upuuzi. Chakula kinapoa."

Akakohoa. Aliposema tena, sauti ilikuwa karibu, kama ameegemea ubao. Alisema nimesimama nje ya lile kanisa miaka kumi na mmoja na yeye amekuwa akinihesabia. Alisema yeye aliondoka ili asiseme asichokiamini, sasa hataki mimi nizuiwe kusema ninachokiamini kwa sababu yake. "Nenda ukabatizwe. Sitaki kuwa kifungu cha mtu."

"Hukuulizwa."

"Na wewe hukuniuliza ulipowajibu hapana."

Nilisimama kama dakika kumi. Randa haikuanza tena, na hatua za kuondoka sikuzisikia. Tulikuwa wawili pale, ubao katikati.

Chakula nimemwachia muuza rangi ampelekee. Changu nimekula ofisini, nimesimama, nikisoma matokeo ya mpira.

Jumanne, 24 Machi

Mhariri ameuliza kama Jumapili nitakuwa zamu. Nimesema sijui. Akauliza nani anajua. Nimesema nitampa jibu Ijumaa.

Anadhani naumwa. Ameniletea chai.

Jumatano, 25 Machi

Katibu ametuma karatasi mpya kwa mtu wa pikipiki, ndani ya bahasha ya dawa. Hakuna ujumbe. Karatasi mbili, si moja. Labda kwa bahati mbaya.

Nimekaa mezani tangu saa mbili usiku. Kifungu cha kwanza hadi cha saba nimemaliza, mwandiko umenyooka. Kikafuata cha nane. Nikaweka kalamu, nikapiga pasi nguo za kesho, nikarudi. Nikaruka mistari mitatu, nikaandika cha tisa: Naamini katika uzima wa milele. Hakikunisumbua hata kidogo.

Mistari mitatu ipo mitupu katikati ya ukurasa. Inatosha sentensi yao. Ingetosha na yangu pia.

Nimejaribu kumpigia mdogo wangu. Inaita mpaka inakata. Nimemtumia ujumbe kwamba nakuja Jumamosi, afungue asifungue.

Ijumaa tarehe 27, saa kumi jioni, dukani kwa Fundi. Jumamosi tarehe 28, saa saba mchana, karakana.