Choo cha Chini Kilichohesabiwa Bafu

Mtaa wa Kilburn Na. 16,
Polish Hill, Pittsburgh.
16 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Dolores,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki kwenye baridi. Hujambo wewe na shemeji Walt? Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji, na je, huo ukavu wa Tucson bado unakupasua midomo? Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu wa umri wetu. Rita anakohoa kidogo asubuhi. Mgongo wangu ni uleule, na tumbo limezidi lile uliloliacha.

Theluji haijatuaga. Kina mama wa parokia wameanza kuuza pierogi, zile sambusa zetu za viazi, kila Ijumaa ya Kwaresima, na Rita alinipeleka nikamenye viazi. Nimemenya gunia zima na hakuna aliyenisifu.

Sasa nije kwenye uliloniuliza kwenye simu: kwa nini Kaz alikaribia kukikosa kile kinyumba kisicho na ngazi karibu na kwenu, wakati daktari wa kifua alishamwambia asipitishe baridi nyingine hapa, na kwa nini siku ya Mkesha wa Krismasi ulimsikia akipandisha sauti. Mdogo wetu hakukwambia, kwa kuwa ana staha kunishinda. Nakwambia mimi. Mwite na Walt kama unataka, maana najua utamsimulia hata hivyo.

Unaijua tabia ya mji wetu. Mtu akitaka kumjua mwenzake hapa haulizi. Anafungua tovuti ya kaunti, anaandika anwani, na yote yanatoka: mwenye nyumba ni nani, aliinunua lini na kwa bei gani, ina vyumba vingapi, bafu ngapi, pamoja na picha ya mlango wake siku aliyosahau kuondoa pipa la taka. Tuliichungulia nyumba ya daktari wa meno, tukaelewa kwa nini anang'oa kwa bei ile. Ya wakwe wa binti yetu Donna tuliichungulia kabla hatujawaona nyuso. Kila mtu anafanya na hakuna anayekubali. Unakutana na mtu kanisani unamuuliza habari za watoto, kumbe kodi yake ya nyumba unaijua kuliko majina yao.

Kisha kuna ile tovuti nyingine, inayokisia kila nyumba ingeuzwa kiasi gani leo. Tangu Kaz aseme anauza aje huko, nikawa naiingia kila asubuhi kabla ya kahawa, na kila asubuhi ilinichoma. Nyumba zetu baba alizinunua pamoja, ni pacha, zimegawana ukuta na paa. Paa likivuja kwake linavuja na kwangu. Lakini upande wake ulikuwa juu ya wangu kwa dola elfu thelathini na moja. Na mimi ndiye niliyepaka rangi vibaraza vyote viwili. Mimi ndiye mwenye jiko jipya. Yeye jikoni kwake bado ana ile karatasi ya ukutani yenye majogoo.

Nikamwambia Rita, "Haiwezekani. Hapa kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani, Baba Donna? Kaz hajui hata kuwasha kompyuta."

"Ndiyo maana inaniuma."

"Kula yai lako."

Nikachimba mpaka nikaipata sababu. Kwenye rekodi za kaunti Kaz ana bafu mbili, mimi nina moja. Hiyo ya pili, Dolores, ni kile choo cha chini. Kilekile unachokijua, kilichosimama katikati ya chumba cha chini ya ardhi bila ukuta wala mlango, kati ya mashine ya kufulia na makopo ya matango ya siki. Wakati ule baba akitoka kiwandani anaingilia mlango wa nyuma, ananawa masizi ya chuma pale pale, ndipo mama amruhusu kupanda juu. Kila nyumba ya mtaa huu inacho, na hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kukiita bafu. Karani fulani wa zamani alikiona cha Kaz akakihesabu, changu akakiruka. Nikakalia changu nikijiona nimedhulumiwa.

Basi nikaiandikia kaunti wanirekebishie, kwamba na mimi nina bafu mbili. Rita akasoma juu ya bega langu.

"Unaiomba serikali ikutoze kodi zaidi?"

"Naomba haki."

"Haki gani hiyo inayopitia chooni?"

Nikaona hanielewi. Tena ili ombi lipate nguvu nikaweka mfano: waangalie Na. 14, nyuma ya ukuta huohuo, ambako choo cha namna ileile kimehesabiwa. Nikaambatanisha na picha, niliyoipiga siku Kaz alipopanda juu kunitafutia bisibisi.

Mwezi wa Novemba akaja dada mmoja wa kaunti, mpole sana. Akashuka kwangu, akakitazama choo, akacheka kwa adabu. Halafu akaenda kwa Kaz, maana nilimwelekeza mwenyewe. Haukupita muda rekodi zikawa sawasawa: mimi bafu moja, Kaz bafu moja. Na kwa kuwa yule dada alipita jikoni kwangu akaliona jiko jipya, kodi yangu ikapanda. Lakini kwenye ile tovuti ya bei mimi na Kaz tulikuwa tumelingana, na kwako sitaficha, siku hiyo nilikula mayai mawili.

Ambacho sikukijua ni kwamba Kaz alikuwa ameshapata mnunuzi, kijana muuguzi. Dalali wa yule kijana akaona rekodi imebadilika, wakashusha bei. Kwa bei hiyo mpya, kinyumba cha huko kilikuwa kinamponyoka. Na wewe hujamsikia anavyopanda ngazi siku hizi. Anasimama mara mbili njiani, mimi niko upande wa pili wa ukuta namsikiliza.

Usiku wa Mkesha, kabla ya supu ya bitiruti, tukagawana ule mkate mwembamba kama tunavyofanya siku zote, kila mtu anamega wa mwenzake na kumtakia heri. Kaz akanijia. Nikamega kipande chake nikamwambia namtakia nyumba iuzike upesi.

"Unanitakia kweli, Lenny?"

"Kweli."

"Yule dada wa kaunti alinionyesha barua iliyomleta kwangu. Ilikuwa na picha ya choo changu."

Donna akauliza, "Picha ya nini, baba mdogo?"

"Ya choo, mwanangu. Baba yako anazikusanya."

Greg, mkwe wangu, akacheka, kisha akaona ni yeye peke yake. Hapo ndipo Kaz alipopandisha sauti, nawe ukiwa hewani kwenye simu ya Rita. "Kaka, mke wako yuko hai, anakukaangia mayai. Jiko unalo. Kifua kizima unacho. Mimi nilikushinda kwa choo kimoja tu maisha yangu yote, na hicho pia umekionea wivu?"

Hata hivyo akamega mkate wangu akaula, maana usiku ule mtu hakatai. Ila alikwenda kukaa mwisho wa meza.

Mwaka mpya ulipoingia nikachukua kibali cha ujenzi, mimi na Greg tukashuka chini kwa Kaz. Tukakijengea kile choo kuta za jipsam, tukaweka mlango, sinki, bomba la kuogea na feni ya kutoa mvuke. Kaz alikaa kwenye ngazi amejifunika blanketi, anatoa amri.

"Mlango umepinda."

"Haujapinda."

"Umepinda. Mpe Greg bisibisi, wewe shika taa."

Siku za mwanzo alizungumza na Greg tu. Baadaye akaniletea bia, akaifungua mwenyewe kabla ya kunipa. Yule dada wa kaunti akarudi, safari hii hakucheka, akaandika bafu mbili. Muuguzi akarudi kwenye bei yake ya kwanza na kuongeza kidogo, kwa sababu bafu ni mpya. Kaz ameuza. Jumamosi ijayo Greg anamleta kwa gari, wataingia kwenu katikati ya wiki inayofuata Mungu akipenda.

Usidhani nimepona. Sasa upande ule uko juu ya wangu kwa dola elfu arobaini, na kila msumari nimeupiga mimi. Choo changu bado kinapigwa na upepo. Naangalia kila asubuhi, na inachoma vilevile.

Jana lakini niliziacha za hapa, nikaingia kwenye tovuti ya kaunti yenu. Jina la Kaz limeshaandikwa kwenye kile kinyumba: Pawlak, Casimir J. Nikasogeza ramani kidogo nikaliona lako, nyumba ya tatu kutoka kwake, barabara tupu iliyonyooka katikati, hata yeye ataitembea bila kupumzika. Nilikaa pale muda mrefu mpaka Rita akaja kuuliza ni bei ya nani tena ninayoipekua. Nikamwambia bei sikuitazama. Na ni kweli, dada, sikuitazama. Nilikuwa nawaonea wivu nyinyi wawili.

Nisalimie shemeji Walt, na wanao Janine na Ted watakapopiga simu. Rita, Donna na Greg wanakusalimu sana. Kaz akifika mfanyie supu, wala usimruhusu abebe masanduku. Mungu awafunike pamoja, kwa afya na kwa amani, na akikumbuka, atutupie na sisi jua kidogo.

Ndimi kaka yako akupendaye, hata pale anapokuchungulia,

Lenny