Ukuta Uliokula Njia Yako

Kimani, mtoto wa dada yangu,

Ni mimi, Anko. Barabara yetu ya hapa Kitengela inapanuliwa. Wamekuja na kamba na rangi, wakapima njia ya miguu, ya baiskeli, halafu ya magari. Kufika dukani kwangu wakapiga X nyekundu kwa ukuta wa mbele. Ukuta wangu! Mimi ambaye simba wa Mashuuru alinipisha njia. Najua, ulikuwa unasema, "Anko, huyo simba alikuwa na pembe."

Nikaipaka chokaa. Kesho yake X ikaonekana tena.

Chifu akaita baraza. Nani anataka nafasi ya magari? Nikainua mkono, wateja wangu wa simiti huja na pikap. Nani anataka ya miguu? Nikamwona mama yako na kikapu chake, nikainua. Nani anataka ya baiskeli? Nikainua tena. Chifu akaniuliza, "Mzee, wewe uko upande gani?" Watu wakacheka. Mimi, na huu mdomo wote, nikashusha mkono nikaketi.

Nilikuwa nimekumbuka siku nilijenga huo ukuta. Ulishuka kwa baiskeli ukasema, "Anko, si hapa ndipo tunapitia?" Nikakwambia lami ni pana, pitia huko. Ukapitia huko, kila asubuhi ukienda kazi. Mpaka ile lori ya mawe.

Kwa matanga nilisema ni dereva. Nilisema kwa sauti kubwa kushinda wote. Sasa sijui. Ni dereva? Ni barabara? Ama ni mimi? Nikishika moja, ingine inaniponyoka.

Nimeubomoa mwenyewe, Kimani, kwa nyundo. Nimeambia watu ilinichukua saa moja. Ilikuwa siku mbili, na nililia. Kabla nioshe mikono, pikap imesimama hapo hapo. Dereva ananiambia, "Asante mzee, umetutengenezea paking." Hata sijui nilibomolea nani.

Basi nimetoa kiti changu dukani nikakiweka hapo katikati. Nitakikalia mpaka ile njia ya baiskeli ichorwe. Mwenye baiskeli akitokea, nasimama, nasogeza kiti.

Lala salama, kijana yangu. Na yule simba, ulisema kweli. Alikuwa ng'ombe, na ni mimi nilimpisha.

Ng'ombe nilimpisha. Wewe nikakutuma kwa lami.

Anko wako.