Angeniomba Tu

Alhamisi. Mvua ya asubuhi ilikatika saa nne, kisha jua likawaka kama vile hakukunyesha kitu.

Leo nimejua kwamba nimesalitiwa na mtu ninayekaa naye meza moja.

Nafundisha Kiingereza kwenye shule binafsi huku Chamazi, mwaka wa saba sasa. Tuko wawili wa somo hilo, mie na Rehema. Shule imefungua tawi Bunju, upande wa pili kabisa wa jiji, na mmoja wetu alitakiwa kwenda. Nilijua Rehema hawezi: mwanawe Salma ana sikoseli, kliniki yake iko Temeke, na mama mkwe wake wa hapa jirani ndiye anayemsaidia kulea. Lakini mie pia sikutaka. Naishi na mama yangu. Macho yake yamefifia, na mtaa huu ndio pekee anaoweza kutembea bila kushikwa mkono.

Saa tatu mkuu wa shule aliniita, akanipa barua huku anatabasamu.

"Nilijua utafurahi, Mwalimu Neema. Mwenzako aliniambia siku nyingi unataka kuhama, ila unaona aibu kuomba."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Kidato cha Tatu, na somo nililoliandaa tangu Jumapili ni nahau. Nikaandika ubaoni: the end justifies the means. Nikawaeleza kwamba maana yake, lengo likiwa jema, njia yoyote uliyoipita kulifikia inahalalika. Mwanafunzi mmoja akatoa mfano wa kumwambia mama yake anakwenda tuisheni, kumbe yuko uwanjani anaangalia mpira. Darasa likacheka. Nikaendelea na matumizi: watu wengi huisema kwa kuikanusha, na asiyeikanusha mara nyingi anajitetea. Aliyepita njia safi haihitaji.

Nikawapa zoezi, nikakaa.

Mchana nilimkuta Rehema ofisi ya walimu, anasahihisha madaftari. Nikaiweka barua mbele yake.

"Ulimwambia nini mkuu?"

Hakuinua kichwa. "Ulisema mwenyewe, Neema. Mwaka jana, ulivyogombana naye kwa ishu ya ratiba. Ukasema ukipata pa kwenda unaondoka."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua." Ndipo akaniangalia. "Salma kalazwa mara mbili muhula uliopita. Ungekuwa mie, ungefanyaje?"

"Ningekuja kwako."

Akarudi kwenye madaftari yake.

Ni kweli nilisema hivyo, siwezi kukataa. Na Salma nampenda. Nimeshakaa naye wodini, nikamsimulia hadithi mpaka usingizi ukamchukua. Ndicho kinachoniuma. Rehema angeniomba, ningempa. Ningenuna wiki nzima, kisha ningempa. Yeye akaona afadhali anizunguke.

Au ningekataa? Nimekuwa nikijiuliza hivyo tangu nirudi nyumbani. Pengine naye alijiuliza, akaliogopa jibu.

Nilipomweleza mama, akasema, "Tutakwenda wote. Bunju nako kuna watu." Alisema kwa upole, ila niliona alivyoshika ukingo wa kiti.

Nimeambiwa naweza kupinga. Nikipinga, ataondoka Rehema, na atakayeteseka ni mtoto. Sipingi.

Ila barua ya kukubali nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na adabu tu. Ya tatu nimeiongezea mstari mmoja: nakwenda Bunju, lakini sikuomba kuhama, wala sikumtuma mtu aniombee.

Kesho asubuhi naipeleka kwa mkuu kwa mkono wangu. Kabla hajaiona, nitamsomea Rehema.